Dawa imepunguza kifafa, lakini mtoto anasinzia

SWALI: Shikamoo mama nesi. Mwanangu wa miaka 7 ana kifafa na anameza fenobabitoni kila usiku. Kuanguka kumepungua sana, ila darasani anasinzia na mwalimu analalamika. Daktari aliniambia kwenye ubongo kuna seli ambazo kazi yao ni kunyamazisha seli nyingine, na dawa hii inazisaidia. Kama kunyamaza ndiko kunakotakiwa, mbona mtoto anakuwa mzito? Na nikimrukisha dozi siku za shule kuna ubaya?
Mama wa watatu, Muheza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na la mwisho maana haliwezi kungoja: usimrukishe hata siku moja. Dawa hii ikikatwa ghafla, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu, mtoto akaanguka mfululizo bila kupata fahamu katikati. Akitetemeka zaidi ya dakika 5, mkimbize hospitali. Tena fenobabitoni hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo ungemweka hatarini na usingizi usingemtoka.

Thamani ya seli za kunyamazisha niliiona wodini. Tuliletewa fundi seremala aliyekanyaga msumari, taya limebana, hawezi kumeza hata mate. Pepopunda. Sumu yake hupanda na neva mpaka uti wa mgongo, ikazizuia seli za kunyamazisha zisitoe kemikali zao. Misuli yenyewe ni mizima, ila haina tena wa kuiambia basi. Tulimlaza chumba chenye giza, tukiingia tunavua viatu. Siku moja mwenzangu aliangusha kijiko kwenye sinia la chuma. Mwili wote ulijipinda kama upinde, kisogo na visigino tu ndivyo vikigusa godoro, na macho yananitazama, akili timamu kabisa. Alipona, baada ya wiki nyingi. Mpaka leo nikisikia chuma kikianguka namkumbuka.

Sasa ubongoni. Kwenye gamba la ubongo, karibu seli moja kati ya kila tano za neva ni ya kunyamazisha. Nyingi hazipeleki habari mbali, zinafanya kazi palepale mtaani kwao. Zinatoa kemikali iitwayo GABA, ambayo hufungua vilango kwenye seli jirani na kuifanya iwe ngumu kuwaka. Ila kazi yao haiishii kwenye kuzima. Kuna zinazoitwa seli za kikapu, kwa kuwa nyuzi zake hujisuka kuzunguka seli nyingine. Moja hushika mamia ya majirani. Ikitoa GABA, wote hunyamaza pamoja kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kisha huachiwa pamoja. Ikirudia na kurudia, seli ambazo kila moja ingesema kivyake huingia kwenye mdundo mmoja, pengine mapigo 30 hadi 80 kwa sekunde. Midundo ya namna hii huonekana mtu anapokuwa makini na jambo.

Mtazame mpiga ngoma: kiganja kimoja kinapiga, kingine kinabana ngozi ili sauti ikatike. Asipobana, pigo la kwanza linamwagikia la pili. Na akibana muda wote, hakuna ngoma. Ndiyo maana mwanao ni mzito. Seli zake zinajua zibane lini na wapi, lakini fenobabitoni haijui. Inavifanya vile vilango vya GABA vikae wazi muda mrefu zaidi ubongo mzima, darasani na kitandani. Inazuia moto wa kifafa usisambae, na hapohapo inautia uzito mdundo wa kusomea.

Basi usivumilie tu, dada. Kwa wiki mbili andika kwenye daftari saa anayomeza dawa, saa anazosinzia, na kila anapoanguka. Mpime uzito, kwa sababu dozi ya mtoto huenda na kilo. Peleka vyote kliniki, uwaulize kama dozi irekebishwe au abadilishiwe. Dawa nyingine zipo, na kubadilisha hufanywa polepole, ile ya zamani ikishushwa kidogo kidogo.

Na mwalimu umwendee wewe mwenyewe, umweleze kwamba mtoto anasinzia kwa dawa wala si kwa uvivu. Mwombe amkalishe mbele, amrudie somo, na asimchape.