Kwa anayempeleka mama kuanza kemo: kikao, daftari na kipimajoto

Pole sana dada, na mfikishie mama pole zangu. Umeuliza mjiandae vipi kabla mama hajaanza kemo (dawa kali za kutibu saratani) ya titi Jumatatu, na ufanye nini na ndugu ambao kila mmoja ana lake. Mimi si daktari. Nilimuuguza mama yangu, saratani hiyohiyo, pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, dozi nane, kila baada ya siku 21. Nne za mwanzo ni ile dawa nyekundu (doxorubicin) na mwenzake, nne za mwisho paclitaxel. Ya mama yako huenda ikawa tofauti, kwa hiyo mwombeni daktari awaandikie majina ya dawa.

Nianze na ndugu, maana hao walitutoa jasho kuliko hata ugonjwa. Majibu yalipotoka tu, simu ya mama haikupumzika. Shangazi wa Muheza akatuma chupa mbili za mizizi kwa basi. Mjomba naye akasema kemo ndiyo inayoua, akataja na jirani yake. Mama akaanza kusitasita. Kaka yangu akaitisha kikao nyumbani kwangu Mbagala, mama mwenyewe akiwepo (vikao vingi vya namna hii hufanyika sebuleni huku mgonjwa kalazwa chumbani, anasikia minong'ono tu). Tukamuuliza anataka nini. Akajibu, "Nataka kutibiwa, na sitaki mtu aje kunililia." Basi, tukagawana kazi. Kaka nauli na dawa za kununua nje, mdogo wetu wa kike jiko, mimi hospitali na daftari. Shangazi tukampa kazi ya kupokea simu za ukoo mzima na kutoa taarifa. Usicheke, ile ndiyo ilitupa usingizi. Mizizi tulimwonyesha daktari, akakataa: ini na figo zina mzigo wa kutosha, na hakuna ajuaye itagongana vipi na dawa. Chupa ziko juu ya kabati mpaka leo, hakuna aliyethubutu kuzitupa.

Kabla ya dozi ya kwanza mama atapimwa damu, ini, figo, na kama ni ile nyekundu, moyo pia, maana dawa hiyo inaweza kuudhuru. Damu hupimwa tena kabla ya kila dozi, na chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zikiwa chini mno mnarudishwa nyumbani. Sisi tulirudishwa dozi ya tatu, mama akalia akidhani wamekata tamaa naye. Tulisubiri wiki moja, tukaendelea.

Siku yenyewe fikeni alfajiri. Bebeni uji kwenye chupa, maji, kanga ya kujifunika. Dawa nyekundu husukumwa taratibu kwenye mshipa. Akisikia inaunguza pale penye sindano amwambie nesi papo hapo, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa inachoma nyama. Mama zetu wamelelewa kuvumilia, hili msisitizie. Mwambie pia mkojo utakuwa mwekundu siku moja au mbili. Mimi nilisahau, saa nane za usiku nikaitwa chooni kwa sauti ambayo hata jirani aliamka.

Dawa ya kuzuia kutapika anywe kwa saa alizoandikiwa, asingoje kichefuchefu kimshike. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa mama hakuiweza kabisa, tukahamishia jiko uani. Alichokula ni uji wa baridi, mtori, na supu kidogo kidogo mara nyingi. Msimlazimishe sahani.

Sasa hili lishike. Kati ya siku ya saba na ya kumi na nne hivi baada ya dozi, kinga huwa chini sana. Dozi ya pili, siku ya kumi, usiku, mama akasema anasikia baridi. Kipimajoto: 38.4. Mjomba alikuwepo, akasema ni malaria, mpe panadol alale. Kwa mtu aliye kwenye kemo, nyuzi 38 ni hospitali usiku huohuo, na panadol inaficha homa tu. Tulikimbilia hospitali ya jirani, mapokezi wakatuambia tukae foleni. Nikafungua ukurasa wa kwanza wa daftari, nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: MGONJWA YUKO KWENYE KEMO, majina ya dawa, tarehe ya dozi ya mwisho. Daktari wa zamu alipousoma alinyanyuka. Damu ikapimwa, antibayotiki zikaanza kwa mshipa, tukalala pale siku tano. Bila ule ukurasa tungekaa kwenye benchi mpaka kukuche.

Nywele zilianza kutoka wiki ya tatu, zikibaki kwenye mto. Mama alimwita kaka amnyoe, akajifunga kilemba, akauliza kama chai imeiva. Sisi ndio tuliotoka nje kulia, shangazi akiwa wa kwanza.

Jumatatu nendeni wawili, mmoja wa kushika foleni, mwingine asiondoke ubavuni kwa mama. Muombeni nesi namba ya kupiga usiku, iandikeni kwenye daftari. Na kipimajoto kanunue leo, famasi nyingi wanacho.