Kabla hujajenga uzio, jua shule itakaa wapi

Mwaka 2017 niliponunua kiwanja pembezoni mwa Dodoma, niliuliza mambo matatu tu: kimepimwa, maji yanafika, barabara inapita? Sikuuliza mwanangu atasoma wapi. Alikuwa na miaka miwili, nikaona shule ni jambo la baadaye. Alipoanza darasa la kwanza akawa anatembea karibu saa nzima, na katikati ya njia kuna korongo. Wenyeji wa huku wanayajua makorongo yetu. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mkavu, watu wanachota wa kujengea. Mvua ikipiga huko juu milimani Januari, maji yanateremka na magogo bila kumpa mtu nafasi. Siku hizo watoto wa mtaa mzima walibaki nyumbani.

Nimeshakuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, na kila mwezi naona familia mpya ikishusha tofali. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, lakini sisi tulioko pembezoni msukumo tumeuona tangu 2016, serikali ilipoanza kuhama kweli, kisha Mji wa Serikali ukaota Mtumba. Wageni wanakaribishwa. Ninachoomba ni kwamba kila anayekuja aulize lile swali nililoliruka.

Liulize kwa kuomba kuona mchoro wa mipangomiji wa eneo lote, usiishie kwenye ramani ya kiwanja chako. Kwenye mchoro utaona viwanja vya makazi vimepewa namba, na katikati yake vipande vilivyoandikwa shule ya msingi, zahanati, soko, eneo la wazi. Nilipouona wa kwetu nilishangaa: eneo la shule lilikuwepo, mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwangu. Nilikuwa nalipita kila siku nikidhani ni shamba la mtu.

Na kweli lilikuwa shamba la mtu. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo sijalisikia likisemwa vya kutosha. Kiwanja cha makazi kina mnunuzi, na mnunuzi atakilinda. Ataweka mawe, atajenga msingi, atagombana. Kiwanja cha shule hakina mtu wa kukigombania. Tulikwenda watatu kumwona mzee mwenye shamba. Tukamwamkia, "Mbukwenyi," akatuwekea vigoda chini ya mwarobaini. Akasema, "Wanangu, mimi shule naitaka, wajukuu wangu wanavuka korongo lile lile. Ila waliopima waliniambia nitalipwa, mpaka leo nalima uwele." Nilikuwa nimekwenda pale nikimwona ni mvamizi. Nilirudi nikijua kwamba mwenye deni si yeye.

Kwa hiyo kabla ya kupigia kelele eneo la huduma, uliza kama fidia ya aliyekuwa na ardhi ile imekwisha. Kama haijalipwa, dai lake ndilo dai lenu la kwanza. Tuliliandika kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa mtaa, tukalipeleka kwenye kata kisha jijini, na diwani akalisimamia. Ilichukua zaidi ya mwaka. Mzee alipolipwa ndipo tukatafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya eneo, tukazikuta tatu kati ya nne, tukapanda minyaa kuzunguka eneo lote. Minyaa haihitaji kumwagiliwa, mbuzi haigusi, na mtu akianza kuikata kila mtu anaona. Kubadilisha matumizi ya ardhi kuna utaratibu wake kisheria, haitoshi mtu kusema "hapa tumeshapewa." Akija wa namna hiyo, muombeni karatasi.

Eneo likishakuwa salama, hesabuni. Tulipita nyumba kwa nyumba na daftari: watoto wa chini ya miaka saba ni wangapi, wanaosoma mbali ni wangapi. Mama mmoja, fundi cherehani, ndiye aliyetushtua: "Hesabuni na misingi." Alikuwa sahihi kabisa. Msingi unaouona leo, miaka miwili ijayo una watoto watatu ndani yake. Mkipanga kwa kuhesabu paa zilizokwisha ezekwa, darasa litajaa siku litakapofunguliwa.

Barua yenu ya kuiomba halmashauri shule iende mapema. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na bajeti ya halmashauri inapikwa miezi mingi kabla. Yetu ya kwanza tuliipeleka Mei, ikabaki kwenye faili. Ya pili tuliipeleka Oktoba, ikiwa na idadi ya watoto, nakala ya mchoro na muhtasari wenye saini. Hiyo ikajibiwa. Leo madarasa mawili yana watoto, na mawili yamefika kwenye lenta kwa nguvu za wananchi.

Kuhusu barabara nitasema kidogo: usijenge uzio ndani ya hifadhi ya barabara, ile ardhi iliyotengwa kwa ajili ya njia, kwa kuwa jirani amejenga. Gari la zimamoto au la wagonjwa likikwama kwenye kona yenu usiku, hamtakuwa na muda wa kubomoa. Na mabomba ya maji hupita humo humo. Mji huu unategemea sana visima vya Mzakwe, maji yanatoka mbali kutufikia, na mtaa uliobana njia unajichelewesha wenyewe.

Kwetu limebaki suala la makaburi. Kwenye mchoro hayamo. Mwaka jana tulimsitiri jirani yetu mbali sana na nyumbani kwake, wazee wakashindwa kufika kwa kukosa usafiri, na mjane akaniuliza, "Kaka, nitakuwa namzuruje?" Sikuwa na jibu. Tumeshapata kipande upande wa mlimani ambacho udongo wake si wa mawe, tumeshaonana na familia yenye shamba, na safari hii tumeanza na fidia yao. Barua iko kwa mtendaji wa kata tangu Septemba, na nakala yangu imegongwa muhuri.