Kabla ya Kuamini Kasi ya Kushikamana Uliyopewa na Baiosensa

Kwa yeyote anayeanza kuchambua data za baiosensa za uso, yaani zile ambazo molekuli ya aina moja hufungwa juu ya kipande cha dhahabu na nyingine hupitishwa juu yake ikiwa ndani ya kimiminika, ushauri wangu wa kwanza ni huu: usikimbilie programu ya kuoanisha modeli kabla hujajiuliza grafu iliyo mbele yako inapima nini hasa. Je, ni kushikamana kwa molekuli, au ni safari ya molekuli hizo kuufikia uso?

Modeli ambayo wengi wetu huanza nayo ina asili yake katika kazi ya Irving Langmuir, aliyeeleza mwaka 1918 jinsi gesi inavyoshikamana na uso mgumu. Kasi ya uso kujaa huchukuliwa kuwa tofauti ya mambo mawili. Kwanza kuna kigezo cha kushikamana, kinachozidishwa kwa ukolezi wa molekuli zinazopitishwa na kwa nafasi zilizobaki wazi. Kisha kuna kigezo cha kuachana, kinachozidishwa kwa nafasi zilizokwisha kushikwa. Mlinganyo huo ni mfupi na unavutia, lakini unachukulia kimyakimya kwamba ukolezi ulio jirani kabisa na uso ni sawa na ule ulioandaliwa kwenye chupa.

Mara nyingi sivyo. Katika mashine kama Biacore, iliyoingia sokoni mwaka 1990 kutoka Uppsala nchini Sweden, kimiminika hupita katika mfereji mwembamba sana, na tabaka linalogusa ukuta halisogei hata kidogo. Molekuli hulazimika kulivuka eneo hilo kwa kujisambaza zenyewe. Pale ambapo kushikamana ni kwa haraka na uso umesheheni nafasi, molekuli hunaswa upesi kuliko zinavyoletwa, na ukolezi wa karibu na uso hushuka. Tazama sekunde za mwanzo za grafu: badala ya kupinda taratibu, hupanda kama mstari ulionyooka. Katika hatua ya kuachana nako, molekuli iliyojinasua hushikwa tena kabla haijachukuliwa na mkondo, hivyo uhusiano huonekana kuwa imara kuliko ulivyo.

Dawa ninayoitanguliza daima ni kupunguza molekuli zilizofungwa usoni. Fanya hesabu kabla ya kuzifunga. Ukiweka vizio 1,000 (vizio vya mwitikio, yaani kipimo ambacho mashine huonyesha kwenye grafu) vya kingamwili yenye uzito wa dalton 150,000, kisha ukapitisha antijeni, yaani molekuli inayoshikwa na kingamwili hiyo, ya dalton 15,000, kilele kinachotarajiwa ni vizio 200, kwa kuwa kila kingamwili ina sehemu mbili za kushikia. Kwa kupima kasi, hicho ni kingi mno. Mimi hupendelea kilele kisichozidi 50, hata kama grafu itaonekana na mikwaruzo.

Wengi hupendelea kuongeza kasi ya mtiririko kwa sababu ni rahisi, lakini uwezo wa kuzifikisha molekuli usoni hukua kwa kipeuo cha tatu cha mtiririko. Ukipanda kutoka mikrolita 10 hadi 80 kwa dakika, uwezo huo unaongezeka mara mbili tu. Kwa hiyo tumia mtiririko kama kipimo cha uchunguzi zaidi kuliko kama tiba: rudia sampuli ileile kwa mitiririko miwili iliyotofautiana sana, na grafu zikiachana, ujue usafirishaji umeingilia kati.

Kuhusu kuachana, kinachohitajika ni subira. Kigezo cha 0.0001 kwa sekunde kina maana kwamba nusu ya molekuli huondoka baada ya karibu saa 2, na hata kushuka kwa asilimia 5 huchukua zaidi ya dakika 8. Anayepima kwa dakika 2 hawezi kukitofautisha kigezo hicho na kuyumba kwa mashine.

Kuna faraja moja ambayo hesabu yenyewe inaitoa. Usafirishaji hafifu huvigawa vigezo vyote viwili kwa kiasi kilekile, kwa hiyo uwiano wao, ambao ndio unaoeleza nguvu ya kushikamana, hubaki salama. Ikiwa uso hauwezi kupunguzwa zaidi, toa uwiano huo peke yake, na utaje wazi kiasi kilichofungwa usoni pamoja na mtiririko uliotumika.