Wati 100 Zatosha

Ndugu yangu, umeuliza kama redio ya wati 100 na antena ya waya uliofungwa kwenye mnazi hapo Nyali zatosha shindano la CQ WW la sauti, lile la dunia nzima la redio za ridhaa, mwishoni mwa Oktoba. Zatosha! Sisi wa 5Z, yaani vituo vya Kenya, ni adimu hewani. Ukiita tu, Wazungu watakurukia kama kunguru sokoni. Usiwakimbilie, tulia kwenye masafa yaleyale waje wenyewe. Mchana shika bendi ya mita 10, usiku shuka bendi ya mita 40. Kwa kila unayezungumza naye unatoa 59, yaani nakusikia vizuri, na 37 tu; hiyo 37 ndiyo namba ya kanda yetu ya dunia kwenye shindano. Shindano linaanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Ila kwanza fungua kiungio cha antena ukikague: changu kiliota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari, nikaita saa nzima peke yangu.