Kuchukua dawa au kunywa dawa?

Swali: Ninatafsiri vipeperushi vya afya kutoka Kiingereza. Niliandika "chukua dawa hii baada ya kula", mhariri akafuta "chukua" akaweka "kunywa". Je, kitenzi "take" si "chukua"?

Jibu: Mhariri wako amefanya vema. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili haikukosea kuanza na "chukua" kwa "take", lakini maana inayotangulia katika kamusi haifai kila mahali. Kitenzi "take" kiliingia Kiingereza kutoka lugha ya watu wa Skandinavia, kikachukua nafasi ya kitenzi cha wenyeji, "niman", na leo huandamana na nomino za kila aina, hata mara nyingi nomino ndiyo inayobeba maana ya tendo. Kiswahili huzigawia nomino hizo vitenzi mbalimbali: picha hupigwa, basi hupandwa, mtihani hufanywa, kiapo huliwa, na mtoto mgonjwa hupelekwa hospitali.

"Chukua" asili yake ni kubeba, ndiyo maana mbeba mizigo huitwa mchukuzi, na wazee husema mwanamke amechukua mimba. Kwa hiyo "chukua dawa" ni Kiswahili safi, ila maana yake ni nyingine. Mgonjwa akitoka kwa daktari huambiwa apite dirishani akachukue dawa, pale mtoa dawa huandika "1 x 3" juu ya kibahasha na kumweleza, "Kimoja kutwa mara tatu." Kuchukua kumekwisha hapo hapo dirishani. Nyumbani atakunywa au atameza, na ikiwa ni ya kupaka, atapaka. Kipeperushi kinachozungumzia dawa za namna zote kitumie "tumia". Mgonjwa anayesoma peke yake hana wa kumuuliza, kwa hiyo nakusihi jambo hili usilione dogo.

Sisemi kwamba kila "chukua" yenye harufu ya Kiingereza itupwe. "Chukua hatua" na "safari inachukua saa mbili" zimekwisha kuota mizizi, nami sizisahihishi. Lakini "mkutano ulichukua nafasi" siupokei, kwa sababu kuchukua nafasi ni kushika mahali pa mwingine, kama nilivyosema hapo juu kwamba "take" kilichukua nafasi ya "niman"; mkutano hufanyika.

Kwa vidonge, basi, andika: "Meza kidonge kimoja kutwa mara tatu, baada ya kula."