Sange wa Gede: dume na jike wasioandamana

SWALI: Salamu, Daktari. Mimi huchukua wageni kutoka hoteli za Nyali na Bamburi na kuwapeleka Gede na Watamu. Tukifika magofuni huwaonyesha sange, mnyama mdogo wa msituni mwenye pua ndefu, yule wa aina kubwa mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, nikawaambia kwamba dume na jike wakishapatana hukaa pamoja maisha. Majuzi mgeni mmoja akanikatiza: "Mbona kila tunayemwona yuko peke yake? Nani amethibitisha hayo?" Nikakosa la kumjibu. Tena nimekutana na takwimu mbili za eneo wanalomiliki, hekta 1.7 na hekta 0.34. Ipi ndiyo sahihi?
Mwongoza wageni, Bamburi

JIBU: Ndugu yangu, wewe umesema kweli, na mgeni wako naye ameona sawasawa. Sange hukaa wawili wawili, ila hawaandamani. Dume na jike wanamiliki kipande kimoja cha msitu, lakini kutwa kila mmoja anachokora majani kivyake, na usiku kila mmoja analala kwenye tundu lake la majani makavu. Ukisimama njiani Gede asubuhi nzima, wa kumwona ni huyo mmoja, tena kwa bahati.

Basi ilijulikanaje kwamba ni jozi? Aliyelifumbua jambo hili ni Galen Rathbun, mtafiti Mmarekani aliyesomea shahada yake ya uzamivu (PhD) Chuo Kikuu cha Nairobi miaka ya 1970. Utafiti wake aliufanya hapo hapo Gede unapopeleka wageni, na ukachapishwa mwaka 1979. Hakungoja kuwaona wawili wakipita sako kwa bako. Aliwakamata, akawatia alama ili amtambue kila mmoja, akawavisha baadhi yao kola zenye redio, kisha akawafuatilia. Kila alipomkuta mnyama, alitia nukta kwenye ramani.

Kuwakamata kwenyewe si mchezo. Ile mitego midogo ya bati ya kukunja, ambayo wanafunzi wetu hutumia kwa panya, haimfai sange huyu. Ana uzito unaozidi nusu kilo, na chakula chake ni mende wa msituni, buibui, tandu, mchwa na nyungunyungu anaowachokoa majanini kwa pua yake ndefu. Siagi ya karanga, chambo cha panya, haimshughulishi. Kwake ni nyavu zinazotandazwa msituni, na watu wanaojua njia zake.

Nukta zikishakuwa nyingi, unachukua zile za pembeni kabisa na kuziunganisha kwa mistari. Umbo linalopatikana ndilo eneo la mnyama huyo. Njia hii ni kongwe na ina kasoro mbili ambazo mgeni mjuaji anaweza kukubana nazo. Nukta zikiwa chache, eneo linatoka dogo kuliko lilivyo. Na mnyama akitoroka mara moja tu kwenda kuchungulia kwa jirani, ile nukta moja ya mbali inalivuta umbo zima na kulinenepesha bure. Ndiyo maana mtafiti makini huendelea kukusanya nukta mpaka aone eneo limeacha kukua.

Sasa weka umbo la kila mnyama juu ya ramani moja. Umbo la dume fulani na la jike fulani yanalaliana karibu yote. Umbo la dume huyo na la dume jirani yanagusana mpakani tu, na ya majike ni vivyo hivyo. Jozi zinajitokeza kwenye karatasi hata kama hakuna aliyewahi kuwaona wakila pamoja. Mgeni wako alitafuta ushahidi njiani, nao uko kwenye ramani.

Kuna ushahidi wa pili, nao una vishindo zaidi. Sange wa nje akivuka mpaka hufukuzwa, na kwa kawaida dume humfukuza dume, jike humfukuza jike. Yaani shamba ni moja lakini kila mmoja analilinda dhidi ya jinsia yake. Katika mbio hizo mfukuzwaji akifikiwa hung'atwa nyuma, na Rathbun aligundua kwamba chini ya yale makalio ya dhahabu ngozi ni nene kuliko ya katikati ya mgongo, kwa madume hata mara tatu. Wageni hupenda sana rangi ile, lakini mimi ningewaeleza ngao iliyo chini yake.

Swali gumu ni lile ambalo mgeni wako hakuliuliza: kama hawaandamani, wanakaa pamoja kwa faida gani? Jibu la haraka la wengi ni kwamba dume anasaidia kulea. Si kweli kwa sange huyu. Jike huzaa mtoto mmoja. Mtoto hukaa tunduni kama wiki mbili, akitoka humfuata mama siku chache tu, kisha anajitegemea, ingawa hubaki kwenye eneo la wazazi mpaka apate la kwake. Dume hamlishi, hambebi, halali naye.

Mtafiti Clare FitzGibbon, aliyewafuatilia sange hawa katika msitu wa Arabuko-Sokoke miaka ya 1990, alilitazama jambo hili upande wa dume. Dume kwa kweli hakatai jike wa pili. Jirani wa kiume akitoweka, dume wa karibu hujaribu kupanua mipaka na kuwahodhi majike wawili. Haidumu. Majike wenyewe wametawanyika, kila mmoja analinda eneo pana, na dume anayezunguka kulinda maeneo mawili huacha mlango wazi kwa madume wasio na makazi. Jike anapokuwa tayari kupandwa ndipo dume humganda na kumfuata kila hatua; siku nyingine hana haja naye. Kwa hiyo mke mmoja hapa ni hesabu ya ulinzi. Nakushauri usiwaambie wageni kwamba ni mapenzi, hata kama bakshishi inaongezeka.

Mwaka 2013 watafiti Dieter Lukas na Tim Clutton-Brock walilinganisha mamalia wa spishi zaidi ya 2,500 wakafikia hitimisho la namna hiyo hiyo: mamalia wanaoishi dume mmoja na jike mmoja ni kama asilimia 9 tu, na desturi hiyo ilizuka hasa pale majike walipoishi peke yao, wametawanyika, dume akawa hawezi kumlinda zaidi ya mmoja. Malezi ya baba, yalipokuja, yalikuja baadaye.

Ukitaka mfano wa kinyume, kuna panya wa nyasi wa Marekani anayeitwa Microtus ochrogaster. Mtafiti Lowell Getz alikuwa akitega mitego jimbo la Illinois kuanzia miaka ya 1970 na akawa anashangaa: mara kwa mara mtego mmoja unanasa wawili, dume na jike wale wale. Hao hulala tundu moja, hugandana, na baba hulea. Kwa Getz mtego wenyewe ulitosha kumwonyesha jozi. Kwa sange usingeonyesha chochote, na ndiyo sababu mbinu ya utafiti lazima ifuate tabia ya mnyama. Mwanafunzi anayetega mitego, akakosa wawili wawili, kisha akaandika kwamba mnyama wake "anaishi peke yake", nitamrudishia karatasi.

Panapohitaji marekebisho katika maelezo yako ni hilo la "maisha". Jozi hudumu muda mrefu, mara nyingi mpaka mmoja afe au atoweke. Lakini akitoweka, aliyebaki hakai eda. Nafasi hujazwa na sange mwingine anayesaka makazi. Kilichodumu ni eneo, wenyeji wake hubadilika. Na kuna jambo la kutenganisha: ramani inaonyesha nani anaishi na nani, haionyeshi baba wa mtoto ni nani. Hilo linataka vinasaba.

Tuje kwenye takwimu zako. Zote mbili ni sahihi, na zote ni za Rathbun, ila ni za wanyama wawili tofauti. Hekta 1.7 ndiyo wastani wa sange wako wa Gede, karibu viwanja viwili na nusu vya mpira. Hekta 0.34 ni ya sange mdogo mwekundu wa vichaka vikavu, aliyemtafiti Kibwezi, kwenye barabara hii yetu ya Nairobi. Huyo naye huishi jozi, lakini ana kazi ambayo wa Gede hana: hutengeneza vijia chini ya vichaka na kuvifagia, akiondoa jani na kijiti, ili akikurupushwa apite bila kujikwaa. Madume hufagia zaidi ya majike. Kuna aliyechanganya wanyama hawa wawili, nawe ukaurithi mkanganyiko.

Kwa kuwa uko Gede kila mara, unaweza kufanya zaidi ya kusimulia. Eneo la hekta 1.7 likiwa mraba lina kama mita 130 kila upande, kwa hiyo hata ramani ya simu inayokosea mita kadhaa chini ya miti bado inatosha kujua uko kwenye eneo la jozi gani. Kila unapomwona, andika saa na mahali; ukiwa huna mtandao andika kwa magofu yenyewe, kaburi lenye tarehe, Msikiti Mkuu, ikulu. Tazama masikio na mkia: sikio lililochanika au mkia uliokatika ncha ni alama ya bure, na ndiyo itakayokuambia kwamba wa Jumatatu ndiye wa Alhamisi. Bila kumtambua mnyama, nukta mia zinabaki kuwa nukta za "sange fulani", na hazichori mpaka wa yeyote.

Ondoka Nyali alfajiri kabla barabara ya Mtwapa haijafunga kwa msongamano, kwani huyu ni mnyama wa mchana na asubuhi ndipo anapokuwa na shughuli. Waambie wageni wasimame, wasikilize majani. Akipiga mkia chini, pa pa pa, ameshawaona na anawajulisha hivyo. Hapo msimfukuze, kwa sababu atakimbilia mbali, na nukta utakayoandika itakuwa ya pale mlipomsukuma nyinyi, si ya pale alipokuwa akila.