Nyonga Inauma, Mbio Zinakaribia: Maswali ya Wakimbiaji

Barua nyingi za mwezi huu zinasema "nyonga inauma". Shida ni kwamba neno nyonga tunalitumia kwa eneo pana: mbele kwenye kinena, pembeni chini ya mkanda wa suruali, na nyuma kwenye tako. Kila upande una maradhi yake, na dawa ya upande mmoja inaweza kuuharibu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuchukua jibu lolote hapa chini, simama wima na uweke kidole kimoja, si kiganja kizima, pale hasa panapouma.

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 27, niko Moshi, najiandaa kwa kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon. Ndani ya wiki tatu nimepandisha mazoezi kutoka kilomita 30 kwa wiki hadi 50, na siku mbili za wiki napanda barabara ya kwenda Mweka. Sasa nyonga ya kushoto inauma kwa pembeni. Siwezi kulalia ubavu huo, na asubuhi nikipanda ngazi nachechemea. Nikishakimbia kilomita mbili maumivu yanapungua, usiku yanarudi. Wenzangu wananiambia nijinyooshe sana na nikandwe. Nipumzike kabisa au niendelee?

JIBU: Marahaba. Usipumzike kabisa, na hiyo ya kujinyoosha iache leo.

Ukishusha kiganja kutoka kiunoni kuelekea pajani, kwa nje utaugusa mfupa uliojitokeza. Hapo ndipo kano za misuli ya pembeni ya tako zilipojishikiza. Kazi ya misuli hiyo ni kuzuia kiuno kisidondoke upande wa pili kila unaposimama kwa mguu mmoja, na kukimbia si kingine ila kusimama kwa mguu mmoja na kuhamia mwingine. Kwa hatua 170 kwa dakika, kila mguu unatua mara 85. Kwa saa moja ni zaidi ya mara 5,000. Moyo na mapafu yako vimezoea kilomita 50 upesi, kano haziendi kwa kasi hiyo. Ule unafuu wa kilomita ya pili usikudanganye. Kano iliyochokozwa hutulia ikipata joto, na majibu yake ya kweli utayapata kesho yake asubuhi.

Kujinyoosha kunakoelezwa na wenzako, kwa kuvuta goti livuke kwenda upande wa pili, kunaibana kano hiyohiyo juu ya mfupa. Ndivyo inavyobanwa pia ukikaa umepishanisha miguu, ukisimama kwenye foleni umeegemea mguu mmoja, ukimbeba mtoto kiunoni upande huo, au ukilala ubavu huku goti la juu limeangukia godoro. Weka mto kati ya magoti hadi kwenye vifundo vya miguu. Maji ya moto hayana neno, lakini mtu asikukandamize kwa kiwiko juu ya mfupa ule.

Zoezi la kuanzia linahitaji kanga tu. Lala chali, kunja magoti, nyayo sakafuni kwa upana wa nyonga. Funga kanga juu kidogo ya magoti, fundo likaze kiasi kwamba magoti hayawezi kufunguka. Sasa yasukume kwa nje taratibu, kanga iyazuie, bila kitu kusogea. Shikilia sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika moja, rudia mara 5, asubuhi na jioni. Wengi hukosea kwa kusukuma kwa nguvu zote wakaamka na maumivu zaidi. Nusu ya nguvu inatosha. Baada ya wiki moja au mbili ongeza daraja, yaani kuinua makalio ukiwa umelala vilevile, seti 3 za mara 10, na kupanda kipandio cha sentimita 15 hadi 20, seti 3 za mara 8 kwa kila mguu, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Fanya mbele ya kioo. Ukishuka, hesabu sekunde tatu na uangalie mkanda wa suruali: ukiinama upande mmoja, kipandio ni kirefu mno kwako. Na usijirushe kwa mguu wa chini, maana hapo nyonga haifanyi kazi yoyote. Yakiwa mepesi, ongeza mzigo, hata begi la mgongoni lenye chupa za maji.

Kukimbia rudi kilomita 25 hadi 30 kwa wiki, tambarare, bila Mweka na bila mbio za kasi kwa wiki tatu. Maumivu ya 3 kwa 10 (0 ni hakuna maumivu, 10 ni makali kabisa) ukiwa barabarani yanavumilika, mradi asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa jana. Yakipanda, punguza. Pia fupisha hatua. Hesabu mguu wa kulia unavyotua kwa sekunde 30, zidisha kwa 4. Ukipata 160, lenga 168 kwa mwendo uleule. Mguu utatua karibu zaidi na mwili na nyonga itabeba kidogo.

Kuna jambo hukulitaja, nalo ni upande wa barabara. Lami imeinuliwa katikati ili maji ya mvua yamwagikie kando. Mkimbiaji mwangalifu wa kwetu hukimbia kulia ili ayaone magari yanayokuja, kwa hiyo mguu wa kushoto unakanyaga juu na wa kulia chini, kilomita baada ya kilomita. Nyonga ya mguu wa juu inasukumwa kwa nje, na kano zake zinabanwa kama kwenye kule kujinyoosha. Nawe nyonga inayokuuma ni ya kushoto. Usihamie kushoto ukayapa magari mgongo. Tafuta njia ya vumbi iliyo sawa au uwanja wa mpira, na ubadilishe mwelekeo kila mizunguko mitano.

Kano kama hii huhitaji kama wiki 12 za mazoezi ya nguvu ili iwe imara. Ikiwa zimebaki chini ya hapo na bado unachechemea asubuhi, omba kubadilishiwa uende kilomita 21.

SWALI: Habari zenu. Mimi ni mwalimu Nairobi, nina miaka 31, na hii ndiyo marathoni yangu ya kwanza. Maumivu yako mbele, ndani kabisa ya kinena cha kulia. Yalianza kama kukakamaa. Sasa yananisimamisha kilomita ya nne, na usiku yananiamsha. Hospitali walipiga eksirei wakasema mfupa ni mzima, wakanipa dawa za maumivu. Nimepungua kilo sita tangu Januari, na hedhi sijaiona kwa miezi minne. Nimepima, si mimba. Zimebaki wiki tisa. Naweza kuendelea polepole?

JIBU: Hapana, dada. Usikimbie hata mita mia mpaka upigwe MRI (picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa mashine ya sumaku), na ukiweza tafuta magongo leo ili mguu wa kulia usibebe uzito.

Tunasema kwa ukali huu kwa sababu dalili zako zinaelekeza kwenye ufa katika shingo ya mfupa wa paja, ile sehemu nyembamba inayounganisha mfupa wenyewe na kichwa chake kilichoingia kwenye nyonga. Mfupa hujibomoa na kujijenga kila siku. Mazoezi yakizidi kasi ya kujenga, unaanza kupasuka kidogo kidogo kama mpini wa jembe, kwa ndani, kabla ya kukatika. Katika wiki za mwanzo eksirei mara nyingi haioni kitu. Eksirei safi kwa mkimbiaji mwenye maumivu ya kinena yanayozidi na yanayomwamsha usiku haijaondoa hofu yoyote.

Ufa ukiwa upande wa chini wa shingo, uzito wa mwili unaubana, na kwa kawaida hupona kwa magongo na subira. Ukiwa upande wa juu, kila hatua inaufungua. Huko daktari wa upasuaji mara nyingi huweka skrubu mapema. Ukiachwa ukakatika na mfupa kuhama, mishipa inayolisha kichwa cha mfupa inaweza kukatika nayo, kichwa kikafa, na mtu akajikuta anahitaji nyonga ya bandia akiwa na umri wako. Ndiyo sababu hatutaki ujipime nyumbani kwa kurukaruka kwa mguu mmoja, hata kama umeliona jaribio hilo mahali.

Nenda kwa daktari wa mifupa na umwambie hivi, bila kupunguza neno: "Nafanya mazoezi ya marathoni, maumivu ni ya kinena, yanaongezeka nikikimbia, yananiamsha usiku, sijapata hedhi miezi minne, eksirei haikuonyesha kitu, nahofia ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja." Dawa za maumivu usizimeze ili uweze kutembea, zinakufungia kengele pekee uliyonayo.

Hedhi iliyokatika na kilo sita zilizopotea si mambo mawili ya kando. Mwili usiopata chakula cha kutosha kulipia mazoezi huzima kwanza uzazi, na ile homoni inayopungua ndiyo inayolinda mifupa. Vidonge vya uzazi wa mpango vikirudisha damu ya kila mwezi havijarekebisha kitu, vimeficha. Kinachorekebisha ni sahani. Usiondoke nyumbani kukimbia kwa chai ya rangi tupu, kula ndani ya saa moja baada ya mazoezi, wala usikate ugali, viazi na wali. Omena huliwa na mifupa yake, kwa hiyo ina kalsiamu nzuri. Ongeza maziwa au mala kila siku, maharagwe na mayai. Mwombe daktari apime pia damu na vitamini D.

Kwako marathoni ya mwaka huu imekwisha, na tunajua linauma. Ikithibitika ni ufa wa upande wa chini, magongo huchukua kwa kawaida wiki 6 hadi 8, mpaka utembee bila maumivu kabisa. Kukimbia mara nyingi hakurudi kabla ya mwezi wa tatu tangu uanze magongo. Kwanza utembee kwa haraka dakika 30 bila maumivu, siku hiyo wala kesho yake. Kisha kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8, siku moja ndiyo siku moja hapana. Maumivu ya kinena hayana ile ruhusa ya 3 kwa 10 tuliyompa ndugu wa Moshi. Hapa ni sifuri.

SWALI: Nina miaka 44, Dar es Salaam. Nyonga inalia "kli" kwa mbele, na inauma nikikaa kwenye kigoda, nikichuchumaa chooni au nikishuka kwenye bajaji. Nikiulizwa wapi, naishika kwa kidole gumba na vidole vingine kama herufi C. Nikikimbia kilomita 15 barabara iliyo sawa, hainisumbui sana.

JIBU: Namna unavyoishika inatuambia mengi. Mara nyingi hivyo ndivyo watu wanavyoonyesha maumivu ya ndani ya kiungo, pale ukingo wa gegedu (ule mfupa laini wa kwenye kiungo) unapobanwa kati ya mifupa miwili paja likikunjwa sana. Mlio peke yake si kitu; mlio wenye maumivu au wenye kukwama ndio wa kupimwa. Kaka, ondoa mkunjo kwanza: kiti kirefu badala ya kigoda, na chooni kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati. Acha kuvuta goti kifuani kwa kudhani unalegeza. Punguza milima kwa wiki nne, fanya daraja na kipandio kama ilivyoelezwa juu, ila paja lisikunjwe kupita usawa wa kukaa kitini. Usipopata nafuu kwa wiki sita hadi nane, muone daktari wa mifupa au mtaalamu wa fiziotherapia.

Lakini kama una selimundu, au umewahi kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, usisubiri wiki hizo. Damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja inaweza kuwa imepungua, na hilo ni la kupimwa sasa.

SWALI: Viatu vya mtumba vinaweza kuleta maumivu ya nyonga? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Vinaweza kuchangia. Viweke mezani, uvitazame kwa nyuma usawa wa macho. Kisigino kikiwa kimelalia upande mmoja, mwenye navyo wa kwanza ameshavipinda, na mguu wako utafuata mpindo wake. Kisha bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao au imejaa mikunjo, imekwisha hata kama juu vinang'aa. Viatu vipya huenda kama kilomita 500 hadi 800, na vya mtumba hujui umevipokea vikiwa kwenye ya ngapi.

SWALI: Nyonga inauma, mbio ni Jumapili. Nichome sindano ya diclofenac ya kutuliza maumivu Jumamosi jioni nimalize tu?

JIBU: Hapana, kwa sababu mbili. Dawa hii hupunguza damu inayokwenda kwenye figo, na mtu anayetoka jasho kwa muda wa saa nne juani figo zake zimeshabanwa na upungufu wa maji. Pili, utakimbia bila kujua unachokivunja. Kama maumivu ni ya kinena, usianze kabisa. Kama ni ya pembeni, jipime Ijumaa: kimbia taratibu dakika 20 bila dawa yoyote, umwombe mtu akutazame kwa nyuma. Akiona unachechemea au kiuno kinadondoka upande mmoja, namba yako ya Jumapili ibaki nyumbani.